Barua ya mwajiri isiyotosha: nyaraka za kuombea ukaazi wa Kanada

Barua iliyokuwa mbele yangu ilikuwa na mistari mitatu, muhuri wa duara wa rangi ya zambarau na sahihi isiyosomeka. Ilieleza kwamba mhusika aliajiriwa kama mhasibu, kwamba alikuwa mwaminifu na mchapakazi, na kwamba kampuni inamtakia kila la heri huko aendako. Kwa mwajiri wa Mwanza au Nakuru barua kama hiyo inatosha, kwa kuwa akitaka kujua zaidi atapiga simu. Kwa afisa wa uhamiaji wa Kanada, miaka sita ya kazi ya mama huyu ilikuwa bado haijathibitishwa, na kati ya siku 60 alizopewa kuwasilisha maombi, 32 zilikuwa zimekwisha kupita.

Kazi yangu ni kukagua nyaraka za watu wanaoomba ukaazi wa kudumu wa Kanada kupitia Express Entry, mfumo ulioanza Januari 2015. Mwenye ujuzi anayeomba akiwa nje ya nchi hiyo anatakiwa kwanza apate walau alama 67 kati ya 100, zinazotokana na elimu, lugha, uzoefu wa kazi, umri, ofa ya kazi na uwezo wa kuzoea maisha ya huko. Kisha hushindanishwa na wenzake kwa hesabu nyingine yenye alama 1,200. Jambo ambalo wengi hawalitilii maanani ni kwamba alama za uzoefu unazidai kwanza na kuzithibitisha baadaye. Wakati wa kujaza wasifu wako wa Express Entry unahitaji matokeo ya mtihani wa lugha na tathmini ya vyeti vyako vya elimu, lakini kazi ulizofanya unazitaja tu. Ushahidi wake unadaiwa ukishaalikwa na Kanada kuwasilisha maombi kamili, na hapo ndipo watu wanapoanza kumtafuta bosi waliyeachana naye miaka minne iliyopita.

Ninawasihi wote wanaonijia waitafute barua ya mwajiri kabla ya kufungua wasifu, na ikiwezekana kabla hawajaacha kazi. Barua hiyo iandikwe kwenye karatasi yenye nembo na anwani ya kampuni, isainiwe na msimamizi wako au afisa utumishi ambaye jina na cheo chake vinasomeka, na itaje vyeo vyote ulivyoshika, tarehe ya kuanza na kumaliza, majukumu yako, saa za kazi kwa wiki, na mshahara wa mwaka pamoja na marupurupu. Saa ndizo zinazosahaulika zaidi, ingawa hesabu yote inazitegemea: mwaka mmoja wa uzoefu, ambao ndio wa chini kabisa kukubaliwa na lazima uwe mfululizo, ni saa 1,560, yaani saa 30 kwa wiki.

Kuhusu majukumu, kuna kosa ambalo linanisikitisha kwa sababu hufanywa na watu wakweli. Kanada inazo orodha rasmi za kazi, na mhasibu anaangukia namba 11100. Mwombaji huichukua orodha hiyo, huinakili neno kwa neno, na kumpa mwajiri asaini. Afisa anaijua orodha hiyo vizuri, na barua inayofanana nayo kila nukta humtia shaka. Andika ulichokifanya kweli: ulifunga hesabu za mwezi za matawi mangapi, uliandaa marejesho gani ya kodi, ulijibu hoja za wakaguzi wa nje. Yule mama aliyaandika majukumu yake kwa namna hiyo, akampelekea aliyekuwa mkuu wake wa idara, na barua mpya ikapatikana wiki mbili baadaye. Mwajiri akikataa kabisa, au kampuni ikiwa imefungwa, kusanya mkataba, slipu za mshahara, fomu za P9 za kodi ya mshahara kwa Wakenya na taarifa za michango ya NSSF, kisha uambatanishe maelezo ya kwa nini barua haipo. Usitunge chochote, kwani taarifa ya uongo inaweza kukufungia mlango kwa miaka mitano.

Kuthibitisha fedha za kujikimu utakapofika Kanada nako kuna ugumu wake kwetu, kwa sababu akiba zetu nyingi ziko kwenye kikoba, kwenye mifugo au kwenye kiwanja. Kiwanja hakihesabiwi, na mkopo haukubaliwi. Barua ya benki inatakiwa ioneshe akaunti ilifunguliwa lini, salio la sasa, wastani wa salio kwa miezi sita, na madeni unayodaiwa. Kama mgao wa kikoba umeingia kwa mkupuo, eleza ulikotoka na uambatanishe daftari la wanachama.

Cheti cha polisi kinahitajika kwa kila nchi uliyoishi miezi sita mfululizo au zaidi katika miaka kumi iliyopita, ukiwa na umri wa miaka 18 na kuendelea. Aliyewahi kufanya kazi Muscat au Dubai aanze na cha huko, maana cha nyumbani anaweza kukifuatilia mwenyewe. Tangu tarehe 21 Agosti 2025, waombaji wa Express Entry wanatakiwa pia wawe wamepimwa afya na daktari aliyeidhinishwa kabla ya kuwasilisha maombi. Matokeo ya lugha hudumu miaka miwili na tathmini ya elimu miaka mitano, na vyote viwe hai hadi siku ya kuwasilisha.

Angalia pia majina. Pasipoti ina majina matatu, cheti cha kidato cha nne kina mawili, na cheti cha ndoa kimeandika la babu kwa herufi tofauti. Andaa kiapo kinachoeleza kwamba wote hao ni mtu mmoja. Na hati iliyo kwa Kiswahili iambatane na tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa, pamoja na kiapo cha mfasiri ikiwa hana ithibati. Mfasiri huyo asiwe ndugu yako, hata kama ni wakili.