Mwacheni mtoto ale samaki

Mwezi uliopita aliingia kliniki kwangu bibi mmoja wa Langoni na mjukuu wake wa mwaka na nusu. Ndani ya viwiko na nyuma ya magoti ngozi imekuwa nyeusi, ngumu, imechanikachanika kwa kucha. Kabla sijamshika mtoto, bibi keshanisomea orodha: hali samaki, hali yai, hali maziwa. "Na pweza hata harufu yake haisikii, daktari mwanangu."

Tangu lini? Miezi minne. Na ukurutu? "Umezidi."

Miezi minne chakula kimekatwa, ukurutu umezidi, na mshtakiwa bado ni samaki! Hapa Lamu hili, kwamba ukurutu huletwa na chakula, nalisikia karibu kila kliniki, na leo naliandika ili nipunguze kulisema.

Ukurutu huanza kwenye ngozi yenyewe. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wamerithi hitilafu katika jeni la filagrini, protini inayoipa ngozi ya juu uimara wake. Ngozi ya namna hiyo ni jahazi lenye kalafati mbovu: haizuii kitu. Unyevu unatoka, sabuni, vumbi na vijidudu vinaingia, mwili unapigana navyo, mtoto anajikuna.

Mzio (aleji) wa chakula upo, sikatai, na watoto wenye ukurutu mkali huwa nao zaidi kuliko wenzao. Lakini una sura yake. Mtoto anakula, na ndani ya dakika chache, au saa mbili hivi, midomo inavimba, mwili unatoka mabaka yaliyoinuka, anatapika au anakoroma kifuani. Huyo mkimbizeni hospitali. Kuwashwa Jumatano kwa sababu ya changu wa Jumatatu ni habari nyingine. Ukurutu hupanda na kushuka wenyewe, na katika mji ambao samaki hakosi sinia, kila siku ya mwasho utamkuta samaki nyuma yake. Wali nao utaukuta, mbona hamuushtaki?

Wala msiniwekee mezani karatasi ya kipimo cha damu yenye alama kumi za "chanya". Kipimo kile huonyesha kwamba mwili unakitambua chakula. Kama kinamdhuru mtoto, hilo tunalijua kwa historia yake ya kula.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba kumnyima kuna madhara. Uzito unashuka, na mtoto aliyekuwa akila yai bila tabu, akikatizwa kwa miezi, anaweza kulirudia na mzio wa kweli. Mwaka 2015 ulitolewa utafiti wa London uliofuata watoto zaidi ya 600 wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai. Waliopewa karanga mapema, tangu uchanga, walipata mzio wa karanga kwa kiasi cha asilimia 80 pungufu ya walionyimwa. (Karanga iliyosagwa laini, jamani, si punje. Punje humkaba mtoto. Na mwenye ukurutu mkali apimwe kwanza.) Mafuta ya karanga yapakwayo kwenye ngozi iliyochanika ndiyo ya kuogopa, maana chakula kikipitia ngozini mwili hujifunza kukichukia.

Kuna kisa kimoja kinachowapotosha wengi. Jodari au kibua akikaa juani bila barafu, bakteria hutengeneza histamini, kemikali iletayo mwasho, ndani ya nyama yake, na kuipika hakuiondoi. Mlaji anawiva uso, anawashwa, kichwa kinamgonga, mara nyingi kabla ya saa moja kwisha. Hiyo ni sumu ya samaki aliyeharibika. Kosa ni la jua na uhaba wa barafu, na kesho changu mbichi hatamfanya kitu.

Mengine nayapitia mbio. Mama anayenyonyesha aache samaki? Hapana, ale. "Damu imechafuka, anywe muarubaini"? Damu husafishwa na figo na ini, na mafuta ya mbegu za muarubaini ni hatari kwa mtoto akiyanywa. Maji mengi ya kunywa? Hukata kiu, hayashiki ngozi. Halua? Vitu vitamu kwa wingi vinaweza kuchochea chunusi za vijana, ila ukurutu ni maradhi mengine.

Nilimuuliza bibi mtoto anaogeshwa na nini. Sabuni ya mche ya kufulia, maji ya kisima ya chumvichumvi, kisha anakaushwa kwa kusuguliwa, basi. Nikamwambia: maji ya vuguvugu, muda mfupi, sabuni isiyo na manukato tena kwapani na matakoni tu, umfute kwa kumgusagusa, na kabla dakika tatu hazijapita mpake mafuta mazito ya mgando mwili mzima. Asubuhi na jioni. Krimu ya haidrokotisoni kwenye mabaka tu, kwa siku nilizomwandikia. Kile kikopo kisicho na jina alichouziwa dukani nilikibakiza kliniki.

Baada ya wiki mbili walirudi. Viwiko vimelainika, mtoto amelala usiku. Amekula nini? "Changu, na yai," akasema bibi. "Lakini pweza, daktari mwanangu, hapana."

Tukakubaliana tuanzie kwa changu.