Kipimo cha haraka cha homa ya mgunda: kinaona nini, na siku ya ngapi?

Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu walikuwa wanafika hospitali na homa, kichwa kuuma, mwili kuchoka, wengine wakitokwa damu puani. Sampuli zikapimwa Ebola, Marburg na UVIKO-19, zote hamna. Wizara ya Afya ilipotangaza kuwa ni homa ya mgunda, yaani leptospirosisi, wagonjwa walikuwa 20 na watatu kati yao walikuwa wameshafariki. Ugonjwa huu huletwa na bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa panya, ng'ombe, nguruwe na mbwa. Huingia mwilini kupitia mchubuko, macho au mdomo, hasa kwenye maji yaliyotuama na tope la mashambani. Dawa zake ni za kawaida: doksisaiklini au penisilini. Shida ni kuutambua mapema.

Hapo ndipo linapokuja suala la kipimo cha haraka. Ukikiona, kinafanana sana na kile cha malaria: kijikasha cha plastiki chenye kishimo cha kudondoshea damu au majimaji yake, na kidirisha chenye herufi C na T. Baada ya kama robo saa, mstari kwenye C unaonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi. Usipotokea, kitupwe na kifunguliwe kingine. Mstari kwenye T ndio jibu.

Kufanana huko kunawapoteza wengi. Kipimo cha malaria hutafuta protini ya kimelea chenyewe. Vipimo vingi vya haraka vya homa ya mgunda havitafuti bakteria, vinatafuta kingamwili za IgM, yaani askari ambao mwili umewatengeneza kupambana naye. Na askari hao hawatoki siku ya kwanza. Kwa kawaida huanza kuonekana kati ya siku ya tano na ya saba tangu homa ianze.

Sasa fikiria mkulima wa mpunga aliyeanza kuumwa Jumatatu na akapimwa Jumatano. Bakteria wamejaa kwenye damu yake, na kipimo kinasema hana. Waliowahi kupima VVU wanakijua kipindi cha dirisha. Hiki ni kile kile, ila kwa homa ya mgunda huja siku zile zile ambazo dawa ingesaidia zaidi. Kwa hiyo "hamna" ya siku ya tatu haimtoi mgonjwa kwenye hatari, na kumrudisha nyumbani kwa jibu hilo peke yake ni kosa. Kwa wiki hiyo ya kwanza kinachofaa ni PCR, kinachosaka vinasaba vya bakteria ndani ya damu, lakini zahanati gani ya kijijini inayo mashine hiyo?

Jibu la "ndiyo" nalo lina mambo yake. IgM inaweza kubaki mwilini kwa miezi, hivyo anayeshinda mashambani anaweza kuonekana anao wakati leo anaumwa kitu kingine. Uthibitisho hufanywa kwa kipimo cha MAT, ambapo majimaji ya damu huchanganywa na bakteria walio hai, kisha mtaalamu huchungulia kwenye hadubini kama wanagandana. Kinataka maabara inayofuga bakteria hao, kama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na sampuli mbili zilizopishana kama wiki mbili. Kwa kufuatilia mlipuko kinafaa sana. Kwa mtu ambaye macho yameanza kuwa manjano na mkojo umepungua, hakiwezi kusubiriwa, dawa zianze.

Kinachohitajika kwanza ni mhudumu kuuwazia ugonjwa huu. Utafiti uliofanyika Moshi mwaka 2007 na 2008 uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa: 528 waliandikiwa kuwa ni malaria, lakini waliokuwa nayo kweli walikuwa 14 tu. Homa ya mgunda ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyokuwa yamejificha humo. Basi ukifika kwa mganga usiishie kusema "nina homa". Mwambie ilianza siku gani, na kama wiki mbili tatu zilizopita ulikanyaga maji ya majaruba, ulichinja, au ghala lako lina panya.