Kikokotoo cha maji ya mvua: kisanduku kinachowaponza wengi

Kikokotoo chenyewe ni kidogo. Kina visanduku na vitufe vichache, na jibu moja: maji kiasi gani yatapita kwenye mdomo wa mfereji yakifikia kilele. Wanaokitumia ni wachoraji wa ramani za majengo, mafundi wa kalavati na wanafunzi wa uhandisi wanaotaka kuhakiki kazi zao. Maswali wanayoniletea karibu yote yanahusu kisanduku kimoja, nacho ni ukali wa mvua.

Kanuni inayofanya kazi humo ndani ni kongwe. Thomas Mulvany wa Ayalandi aliieleza mantiki yake mwaka 1851, na Emil Kuichling akaitumia kwa mifereji ya mji wa Rochester, Marekani, mwaka 1889. Kwa vipimo vya mita inaandikwa Q = CiA ÷ 360. A ni eneo kwa hekta, i ni ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, C ni sehemu ya mvua inayogeuka kuwa maji ya kutiririka, na Q ni mita za ujazo kwa sekunde. Hiyo 360 huwatia watu wasiwasi bure. Milimita moja ya mvua juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10, na saa ina sekunde 3,600. Gawanya, umeipata.

C haina ugumu mkubwa. Mapaa na lami hupewa 0.70 hadi 0.95. Nyasi kwenye kichanga tambarare ni 0.05 hadi 0.10, na kwenye udongo mzito wenye mteremko mkali zinafika 0.35. Eneo likiwa mchanganyiko, unazidisha kila kipande kwa C yake na kujumlisha. Tuchukue hekta 3: moja ni mapaa na lami yenye C ya 0.9, mbili ni nyasi zenye 0.25. Jumla ya C mara A ni 0.9 na 0.5, yaani 1.4. Hapo hakuna wa kubishana naye sana.

Sasa i. Mtu anachukua taarifa ya mvua ya siku nzima, tuseme milimita 60, anagawanya kwa 24, anaandika 2.5. Kikokotoo kinamtii na kumpa lita 10 hivi kwa sekunde, maji ya kuingia kwenye bomba dogo tu. Eneo lile lile, likihesabiwa inavyopaswa, linatoa lita mia kadhaa. Mvua haijigawi sawa kwa sawa kutwa nzima. Kinachojaza mfereji ni zile dakika chache inapomwagika kwa nguvu.

Dakika ngapi? Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Unatafuta muda ambao tone lililoangukia pembe ya mbali kabisa linahitaji ili kufika kwenye mdomo wa mfereji; tunauita muda wa mkusanyiko. Mvua fupi kuliko hapo huwa kali zaidi, lakini inakatika kabla maji ya mbali hayajafika. Mvua ndefu inayakutanisha maji yote, ila ukali wake unakuwa umeshuka. Kilele kinapatikana mvua inapodumu sawa na muda huo. Ndiyo maana i haichaguliwi peke yake: inategemea urefu wa njia ya maji, mteremko na uso wa ardhi.

Kwa muda huo nimetumia mlinganyo wa Kirpich wa mwaka 1940. Njia ya mita 250 yenye mteremko wa asilimia 2 inatoa dakika 6. Lakini Kirpich alitumia vipimo vya maeneo madogo ya mashamba huko Tennessee, yenye mikondo iliyokwisha kujichimba. Maji yanayotambaa juu ya nyasi huenda polepole, na desturi ni kuzidisha mara mbili, hivyo tunapata 12. Usidharau tofauti hiyo. Tuseme mchoro wa mvua wa mahali hapo, unaoonyesha ukali wa mvua kwa kila muda, unasoma milimita 135 kwa saa kwa mvua ya dakika 6 na 90 kwa ya dakika 12. Jibu la kwanza ni mita za ujazo 0.525 kwa sekunde, la pili 0.35. Nusu nzima imeongezeka kwa sababu ya alama moja ya tiki iliyosahauliwa kwenye chaguo la nyasi.

Halafu kuna mtego ambao programu haiuoni isipoambiwa. Ikiwa ile hekta ya lami iko jirani na mdomo wa mfereji, maji yake yanafika ndani ya dakika 5. Mchoro ule ule ukisoma 150, lami peke yake inatoa 0.375, zaidi ya eneo zima! Kwa hiyo nimeweka kitufe cha kuhesabu mapaa na lami kando, na kikokotoo kinaonyesha jibu kubwa kati ya mawili. Nikiulizwa ni kitufe kipi kisiondolewe, ni hicho.

Kuhusu marudio, mvua ya miaka 10, yaani ile kali inayotarajiwa kwa wastani mara moja kila miaka 10, haina ahadi ya kusubiri miaka 10. Kila mwaka ina nafasi ya asilimia 10, na ndani ya miaka 10 uwezekano wa kuipata walau mara moja ni kama asilimia 65. Mwenye jengo aambiwe hivyo mapema, kabla hajachagua.

Jibu nimelikata kwenye tarakimu mbili muhimu. Wapo wanaolalamika kwamba wanataka 0.3472. Ukiwa umekisia C kwa macho, tarakimu ya nne ni pambo tu.

Eneo likizidi hekta 80, kikokotoo kinakataa kuhesabu. Wengi huweka ukomo papo hapo, kwa kuwa kanuni inachukulia mvua inanyesha kwa ukali mmoja kila mahali, jambo lisilowezekana kwenye eneo kubwa la kukusanya maji. Na wanaotaka kupanga ukubwa wa bwawa la kuzuia maji wasikitumie hata kwa hekta moja. Bwawa linahitaji kujua maji yote yanavyoingia na kutoka dakika kwa dakika, na Q ni ncha tu ya mchoro wa mtiririko huo. Urefu wa mkia wa mchoro haumo ndani ya Q.