Si kila duka kongwe la Dar ni la Mjerumani

Wengi wanaopita Kisutu na Mtaa wa India wakienda kazini huamini kwamba maduka yale makongwe ya ghorofa yalijengwa na Wajerumani. Majengo ya Wajerumani yapo kweli, hasa upande wa baharini. Lakini utawala wao Dar es Salaam ulikoma 1916, na mengi ya maduka haya yalijengwa baadaye, enzi ya Mwingereza, na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi: chini duka, juu familia.

Inua macho juu ya mabango. Karibu na paa, baadhi ya majengo haya yana jina na mwaka kwa herufi za saruji zilizotuna. Ukisoma 1930 na kitu, Mjerumani alishaondoka. Pasipo na mwaka, tafuta picha na ramani za zamani maktaba. Mengi yanabomolewa, inauma. Ukiuona mwaka, upige picha.