Je, Wajua Kwa Nini Ngozi ya Mzee Huchanika kwa Kuguswa Tu?

Bibi anashikwa mkono ainuke kitini, na pale vidole vilipomshika kinabaki kipande cha ngozi kilichojikunja, damu ikichuruzika. Hakuna aliyemvuta kwa nguvu, hakuna kisu wala msumari. Siku nyingine mkono wake unaamka na doa kubwa la zambarau, na mwenyewe hakumbuki kujigonga popote.

Jibu linalotolewa katika nyumba nyingi ni kwamba ngozi imechakaa. Imetumika miaka 80, imesuguliwa, imeoshwa, imepigwa na upepo, sasa imekwisha. Jibu hili linaingia akilini kirahisi, na si sahihi. Nitalichambua kwa kirefu, kwa sababu anayeliamini huishia kumhudumia mzee vibaya huku akidhani anamsaidia.

Ngozi ya juu tunayoiona haina umri sawa na mwenye mwili. Seli zake huzaliwa chini, hupanda taratibu, hufa na kupukutika. Kwa kijana safari hiyo huchukua takriban mwezi mmoja. Kwa mzee huchukua muda mrefu zaidi, lakini haikomi. Maana yake ni kwamba ngozi ya nje ya bibi wa miaka 80 imetengenezwa upya miezi hii hii ya karibuni. Tena lile tabaka la mwisho kabisa, la seli zilizokwisha kufa, ambalo ndilo linalosuguliwa na nguo na dodoki kila siku, halipungui sana unene kwa sababu ya uzee. Kama kuchakaa kwa matumizi kungekuwa ndiyo sababu, viganja na nyayo vingetangulia kuchanika, maana ndivyo vilivyoshika mpini wa jembe na kukanyaga changarawe maisha yote. Mambo ni kinyume. Viganja na nyayo hubaki sugu, na msuguano huzidi kuvikomaza. Panapochanika ni chini ya kiwiko, mgongo wa mkono na muundi wa mguu.

Wapo pia wanaosema ni upungufu wa vitamini. Kweli, mtu aliyekosa kabisa vitamini C hupata kiseyeye, na kiseyeye huvujisha damu chini ya ngozi. Lakini mwenye kiseyeye huvimba na kutoka damu kwenye fizi, huchoka sana, na vidonda vyake havifungi. Mzee anayekula vizuri na ambaye tatizo lake ni mikono tu, hilo silo linalomsumbua.

Shida yenyewe iko mahali pasipoonekana, yaani kwenye mpaka wa tabaka mbili za ngozi. Tabaka la juu ni jembamba na halina mishipa ya damu. La ndani ni nene, limejaa nyuzi za kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, na ndilo lenye mishipa. Kwa kijana mpaka kati ya tabaka hizo una mawimbi: la juu limeteremsha vigingi, la ndani limepandisha vilima, na kila kigingi kimekaa katikati ya vilima.

Mafundi ujenzi wanalijua jambo hili vizuri. Fundi akikuta nguzo ya zege iliyotoka laini kwenye mbao, hapigi lipu papo hapo. Kwanza anaichokoa kwa patasi mpaka ijae vishimo, ndipo anarusha mchanganyiko wake. Kila kishimo kinameza lipu kidogo, na kila kinundu kinaizuia isiteleze pembeni. Akiiruka hatua hiyo, lipu itakauka, itapigwa rangi, itapendeza. Siku ngazi ikiikwaruza, linabanduka bamba zima, na ukiligeuza utakuta upande wake wa nyuma ni laini kabisa. Saruji haikuwa mbovu, wala lipu haikuwa nyembamba mno. Ilikosa pa kushikia.

Katika ngozi, nguzo ilianza ikiwa imechokolewa vizuri, kisha miaka ikaisawazisha. Vigingi hufupika, vilima hushuka, hadi mpaka wenyewe unakaribia kuwa tambarare. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini nguvu inayomuumiza bibi si ya kubonyeza. Unaweza kuuweka mkono wako juu ya wake na kuukandamiza, asidhurike. Lakini ukiubana kwa vidole na kuuvuta, tabaka la juu linaburutwa pembeni huku la ndani likibaki mahali pake, na ngozi inabanduka. Plasta ya kubandika hufanya vivyo hivyo siku ya kutolewa: inashika tabaka la juu kuliko lile tabaka linavyoshika la chini yake.

Kusawazika huko kuna athari nyingine. Kwa kuwa tabaka la juu halina mishipa, chakula chake hupenya kutoka kwenye vilima vya tabaka la ndani. Vilima vikishuka, eneo la kugusana linapungua, na kidonda kinachelewa kufunga.

Chini ya mpaka huo kolajeni nayo inapungua. Mwaka 1975 Sam Shuster na wenzake huko Newcastle, Uingereza, walionyesha kwamba kolajeni ya ngozi hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka wa utu uzima, na kwamba wanawake huanza wakiwa na kidogo kuliko wanaume. Kinachonivutia zaidi ni hali ya seli zinazoitengeneza. Seli hizo hufanya kazi vizuri zikiwa zimevutwa na nyuzi zinazozizunguka. Nyuzi zikikatika, seli hulegea, na ikilegea seli hutengeneza kolajeni kidogo na kutoa zaidi vimeng'enya vya kuivunja, kwa hiyo uharibifu huzaa uharibifu. Hata hivyo seli zenyewe hazijafa. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walidunga kijazio, yaani dutu ya kujaza ngozi iliyosinyaa, kwenye ngozi ya mikono iliyoharibiwa na jua. Seli zilizokuwa karibu zilivutika upya, zikarudi kutengeneza kolajeni.

Yale madoa ya zambarau yanatokana na upungufu huo huo. Vimishipa vidogo vinategemea kolajeni kuvishikilia. Ikipungua, msukumo mdogo tu unavikata na damu inavilia. Daktari Mwingereza Thomas Bateman aliyaeleza madoa haya mwaka 1818. Damu iliyovilia kwa kijana hugeuka kijani, kisha manjano, lakini madoa haya kwa kawaida hayapiti rangi hizo. Hukaa zambarau wiki moja hadi tatu, kisha huacha baka la kahawia. Kwenye ngozi nyeusi huonekana kama weusi uliokolea kuliko sehemu nyingine.

Madoa hayo yameshavunja familia. Shangazi anakuja kumjulia hali mama yake, anaona mikono, na mkwe anaambiwa anampiga mzee. Madoa ya uzee kwa kawaida hayaumi, hayavimbi, na hukaa mikononi. Alama zilizo usoni, masikioni, shingoni au kiwiliwilini ni jambo jingine, na hizo lazima ziulizwe, kwa sababu wazee kupigwa ni jambo lililopo kweli.

Jua huongeza kasi ya yote haya, na ndiyo maana upande wa ndani wa mkono, usiopigwa na jua, huchelewa. Melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, ikiwa nyingi ni kinga kubwa dhidi ya jua, kwa hiyo ngozi nyeusi hukawia kuharibika kwa njia hiyo. Ila haikingi dhidi ya umri wenyewe. Inapasa kusemwa pia kwamba tafiti nyingi za ngozi ya wazee zimefanywa Ulaya, Marekani na Australia, kwa watu weupe, kwa hiyo takwimu zake tuzihamishie kwetu kwa uangalifu. Wenye ualbino hawana kinga hiyo tangu kuzaliwa. Huko Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC hutengeneza losheni ya kuzuia jua kwa ajili yao.

Kisha kuna steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Vidonge vya prednisolone vikitumika miaka mingi kwa pumu au baridi yabisi huikondesha ngozi ya ndani. Krimu zenye clobetasol hufanya hivyo hivyo, nazo huingizwa kwenye mkorogo. Mwanamke wa miaka 40 aliyejipaka mkorogo miaka mingi anaweza kuwa na ngozi inayochanika kama ya bibi yake. Vidonge visiachwe ghafla, kwani mwili huwa umeshavitegemea. Daktari ndiye anayevipunguza hatua kwa hatua.

Nafuu inayopatikana ni ya kawaida kabisa. Katika vituo vya kutunza wazee huko Australia Magharibi, kupaka mikono na miguu losheni ya kulainisha mara mbili kwa siku kulipunguza michaniko kwa karibu nusu, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014. Ngozi laini hupisha kinachoisugua, ile kavu hunasa. Nyumbani mafuta ya mgando yanafaa, yakipakwa kwa kuteremsha mkono taratibu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Maji yawe vuguvugu, sabuni kidogo, na kujifuta kuwe kwa kugusisha taulo bila kusugua. Mikono mirefu ya nguo husaidia. Anayemhudumia akate kucha, avue bangili na pete. Mzee asivutwe kwa mkono wala kuburutwa kitandani: aegemezwe kwenye mkono wako uliopita mgongoni, au ainuliwe na watu wawili kwa shuka aliyolalia.

Ngozi ikishachanika, kile kipande kisikatwe. Bonyeza kwa kitambaa safi mpaka damu ikome, suuza kwa maji safi, kisha kirudishe kipande mahali pake taratibu kwa pamba yenye unyevu, kwa sababu mara nyingi bado ki hai na kinaweza kushika tena. Spiriti na plasta ya kubandika viache. Tumia kitambaa cha kidonda kisichogandamana, au chachi iliyopakwa mafuta ya mgando, kisha zungusha bendeji bila kukaza. Chora mshale juu ya bendeji kuonyesha kipande kimelalia upande gani, ili atakayeifungua afuate mshale asikibandue upya. Kidonda kikiwa kikubwa, kikiwa muundini, damu ikigoma kukoma, au mzee akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama vile warfarini, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, ukiwa umebeba dawa zake zote na kumbukumbu ya lini alichanjwa pepopunda.