Chai, kahawa na saratani ya matiti: majibu kwa kina mama wanaosubiri

Dada nesi, ni kweli chai na kahawa zinaleta saratani ya matiti?
Hapana. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walipitia tafiti zaidi ya 1,000 kuhusu kahawa, wala hawakuona kwamba inaleta saratani ya matiti. Chai nayo haijathibitika kuileta. Walichoonya ni moto wenyewe: kinywaji chochote kinachozidi nyuzi joto 65 huenda kikachangia saratani ya umio, yaani njia ya chakula. Basi acha chai ipoe kidogo.

Saratani ya matiti ni nini?
Ni seli za titi zinazozaliana ovyo zikafanya uvimbe. Zikiachwa, zinahamia kwapani, kisha kwenye mifupa, mapafu au ini. Wanaume nao huipata, ila ni wachache.

Nimegusa kitu kigumu kama gololi kwenye titi. Hakiumi. Niache kahawa mwezi mmoja nione kama kitapungua?
Usisubiri hata huo mwezi. Nenda kituo cha afya wiki hii.

Kutouma ndiko kunakowaponza wengi. Uvimbe wa saratani mwanzoni mara nyingi hauumi, na mama anasema, "Si ungeniuma kama ni ugonjwa?" Anaacha chai, anaacha chumvi, anakanda kwa maji moto. Anakuja titi limeshatoa kidonda, amelifunga kwa kanga ili watu wasisikie harufu. Nikimuuliza ulianza lini, ananiambia mwaka jana, wakati wa mavuno. Mwaka mzima, mama! Uvimbe mwingi wa matiti si saratani, lakini wewe kwa vidole vyako huwezi kujua upi ni upi. Hata mimi kwa vidole vyangu siwezi.

Jirani kaniletea majani ya mstafeli nichemshe kama chai. Nijaribu kwanza?
Hapana, usianze na hayo. Hayajathibitika kutibu saratani kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani linataka mgonjwa awe amepata majibu ndani ya siku 60 tangu afike kituoni, na wewe siku hizo unazimalizia kwenye sufuria. Jirani anakupenda, sibishi. Mwambie akusindikize hospitali.

Kuna kinywaji chochote kinachohusika kweli?
Pombe. Hiyo imethibitika, na hatari huanzia kwenye kiasi kidogo. Nashangaa mtu anavyoogopa kikombe cha kahawa huku bia za Jumamosi hazimtishi.

Naogopa kupimwa. Wanasema ukichomwa sindano saratani inasambaa.
Uvimbe hausambai kwa sababu umechomwa sindano ya kipimo. Unasambaa kwa sababu umeachwa. Utashikwa titi na kwapa, utapigwa picha, na ikibidi utachukuliwa kinyama kidogo kikapimwe maabara.

Nikiona nini nisilale?
Uvimbe titini au kwapani, hata kama hauumi. Ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa. Chuchu iliyoingia ndani hivi karibuni, au inayotoa damu. Moja tu kati ya hayo linatosha. Ukifika, mtajie daktari tarehe uliyoiona dalili hiyo mara ya kwanza, na ukiambiwa ni kawaida lakini uvimbe ukaendelea kukua, rudi uombe rufaa.