Kabla mwanao hajapokea diploma ya sekondari: chuo kwa kijana mwenye ulemavu wa akili nchini Marekani

Wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili nchini Marekani huambiwa kwamba kijana mwenye ulemavu wa akili akimaliza sekondari, masomo yake yameishia hapo. Si kweli. Ila milango iliyopo inategemea jimbo mnaloishi, na mmoja hufungwa na diploma yenyewe.

Sheria ya shirikisho iitwayo IDEA humpa mwanafunzi mwenye ulemavu elimu ya bure hadi umri uliowekwa na jimbo. Kwa majimbo mengi ni miaka 21 au 22; Michigan hufika 26. Haki hiyo hukoma mapema zaidi siku anapopokea diploma ya kawaida ya sekondari. Cheti cha kuhudhuria hakiikatizi. Kwa hiyo, kwenye kikao cha IEP (mpango binafsi wa elimu wa mwanafunzi mwenye ulemavu), kabla ya tarehe ya mahafali kupangwa, uliza: je, wilaya yetu ya shule ina ushirikiano na chuo chochote? Pale ushirikiano huo ulipo, kijana husoma chuoni akiwa bado mwanafunzi wa wilaya, na wilaya huchangia gharama za msaada anaouhitaji. Akishapokea diploma, wilaya haina tena wajibu huo.

Massachusetts ndiyo mfano mzuri wa sheria ya jimbo. Mpango wake wa kuwaingiza vijana hawa vyuoni, MAICEI, ulianza 2007 kwa ruzuku, na ruzuku hutegemea bajeti ya kila mwaka. Mwaka 2022 uliingizwa katika sheria ya kudumu, na vikwazo vya udahili katika vyuo vya umma vikaondolewa: kijana hadaiwi diploma, mtihani wa kujiunga, wala wastani fulani wa alama. Florida ilipitisha sheria yake 2016, ikaanzisha kituo katika Chuo Kikuu cha Central Florida kinachoidhinisha programu na kusimamia ufadhili wa wanafunzi. Colorado, mwaka huohuo wa 2016, ilianza kwa kufadhili majaribio katika vyuo vitatu. Yako majimbo ambayo hayana sheria ya namna hii, na huko familia hutegemea zaidi sheria ya shirikisho.

Sheria hiyo si IDEA, bali ni ile ya elimu ya juu ya 2008. Inamruhusu mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili kupata Pell Grant (ruzuku ya serikali isiyorudishwa, kwa wanafunzi wenye kipato kidogo) na kazi za wanafunzi zinazolipiwa na serikali hata kama hana diploma wala hasomei shahada. Mikopo ya serikali haimo. Sharti ni kwamba programu ya chuo iwe imeidhinishwa na Wizara ya Elimu kama CTP, yaani programu ya mpito kwa wanafunzi wenye ulemavu wa akili, na angalau nusu ya masomo yake mwanafunzi ayapate pamoja na wenzake wasio na ulemavu, darasani au kwenye mafunzo kazini. Hapa ndipo familia huteleza: chuo kinaweza kujitangaza kuwa na programu nzuri ya ujumuishi, lakini isipokuwa CTP, hakuna Pell. Angalia orodha ya Federal Student Aid, ofisi ya serikali ya misaada ya wanafunzi, kabla ya kulipa ada ya maombi. Mwenye ukaazi wa kudumu anastahili sawa na raia.

Kosa jingine ni kuacha njiani FAFSA, fomu ya kuomba misaada ya fedha ya serikali, kwa sababu swali la diploma linaonekana kumkataa mtoto. Halimkatai. Ikamilisheni, kisha mwandikie afisa wa misaada ya fedha chuoni kwamba mwanafunzi anaingia kupitia CTP. Mnaopokea SSI (malipo ya serikali kwa wenye ulemavu na kipato kidogo) msiogope: Pell haihesabiwi kama kipato.

Mpango wa maisha baada ya shule lazima uwemo katika IEP kufikia umri wa miaka 16, na Massachusetts ni 14. Hakikisha neno "chuo" limeandikwa humo. Una haki ya mkalimani wa Kiswahili katika kikao hicho bila malipo. Mwombe kwa maandishi mapema, wala usikubali mdogo wake au dada yake atafsiri mambo mazito kama haya.

Kijana akiingia chuoni baada ya kuondoka wilayani, IEP haimfuati. Ni yeye anayepaswa kwenda ofisi ya huduma za ulemavu na kuomba, kwa mfano, muda wa ziada au mtu wa kumwandikia. Mazoezi ya kuomba hivyo yaanze angali sekondari, yeye mwenyewe akizungumza katika kikao cha IEP. Na kwa kuwa rekodi za chuo ni zake, asaini mapema fomu ya ridhaa inayokuruhusu kuongea na wahadhiri na ofisi ya ada.